Nina digrii ya sayansi na uzoefu wa maabara: niandike nini, nianze vipi kufundisha tuisheni?

Swali: "Nina shahada ya kwanza na ya uzamili katika biokemia, na nimefanya kazi miaka kadhaa katika maabara ya utafiti hapa Kisumu hadi mkataba ulipoisha. Mzazi mmoja wa Milimani ananitaka nimfundishe binti yake Kemia nyumbani, jioni na Jumamosi. Binti yuko Kidato cha Tatu, shule ya kutwa, kundi la mwisho la mfumo wa elimu wa 8-4-4 litakalofanya KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, mwaka 2027. Muhula uliopita alipata D+. Mama yake ameniomba nimwandikie usomi wangu na uzoefu wangu wa kufundisha. Sijasomea ualimu wala sina namba ya TSC (Tume ya Huduma za Walimu). Niandike nini, nianze vipi, na nitoze pesa ngapi?"

Ndugu yangu, tuanze na hilo la TSC maana ndilo linalokukosesha usingizi bure. Sheria ya TSC ya 2012 inawahusu wanaofundisha shuleni. Kumsaidia mtoto mmoja kwao nyumbani, kwa makubaliano na mzazi wake, ni jambo jingine. Usichoweza kufanya ni kuajiriwa shuleni kama mwalimu kabla ya kusajiliwa, hata kama anayekuajiri ni bodi ya shule na mshahara ni wa mkono kwa mkono. Ukitaka kufika huko siku moja, utahitaji stashahada ya uzamili ya ualimu, na TSC itaangalia masomo mawili yanayofundishwa sekondari. Biokemia si somo la sekondari, kwa hivyo kabla hujalipa karo ya hiyo stashahada chukua nakala ya matokeo yako ya chuo uhesabu una kozi ngapi za Kemia na ngapi za Baiolojia. Wengi huligundua pengo hili wakiwa wameshahitimu.

Jambo la pili la sheria: kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza tuisheni ya likizo, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mama huyu akifurahi atawaambia majirani, na ifikapo likizo ya Agosti utaombwa ukodishe ukumbi wa kanisa uwakusanye watoto thelathini. Kataa.

Sasa hayo maelezo ya usomi na uzoefu. Kosa la wanasayansi wengi ni kumtumia mzazi wasifu ule ule waliompelekea mkuu wa maabara: kurasa nne, orodha ya mashine, makala mawili ya majarida na mada ya tasnifu yenye maneno ishirini. Mama wa Milimani hajui PCR ni mdudu gani, na hana haja ya kujua. Anataka majibu ya maswali manne tu: wewe mwenyewe Kemia ya KCSE ulipata nini, umewahi kumfundisha nani, binti yangu atakuwa salama na wewe, na utafanya nini tofauti na anachopata shuleni. Ukurasa mmoja unatosha, na mpangilio uwe huo huo. Digrii iwekwe chini ya kufundisha, isikae juu yake.

Labda unasema hujafundisha. Fikiria tena. Kama ukiwa mwanafunzi wa uzamili ulisimamia mazoezi ya maabara ya mwaka wa kwanza, ulifundisha. Kama kazini ulipewa wanafunzi waliokuja kwa mafunzo ya kazini ukawaonyesha jinsi ya kutengeneza myeyusho, kushika pipeti (mrija wa kupimia kimiminika) na kuandika daftari la maabara, ulifundisha. Cha muhimu ni kuyaandika kwa ukubwa wake wa kweli. Kifungu kama hiki kinatosha, ukibadilisha mambo yawe yako: "Nafundisha Kemia, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Katika KCSE nilipata A- ya Kemia. Nikiwa uzamilini nilisimamia mazoezi ya maabara ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa mihula miwili na kusahihisha ripoti zao. Kazini niliwafundisha wanafunzi wa mafunzo kutengeneza myeyusho wa kipimo maalumu na kufanya titresheni (kupima nguvu ya asidi au alkali). Sijafundisha darasa la sekondari. Nimepitia silabasi na karatasi za KCSE za miaka ya karibuni, na kazi yangu itakuwa kutafuta mahali hasa anapokosea na kuparekebisha."

Sentensi ile ya "sijafundisha darasa la sekondari" usiifute. Mzazi atakuuliza tu, na akiigundua mwenyewe hatakuamini tena kwa jambo lolote. Vivyo hivyo usijipachike "Dkt." kabla ya kutetea tasnifu ya uzamivu, wala usihesabu miaka yako ya maabara kama miaka ya kufundisha. Na kamwe usiandike kwamba utamtoa D+ umfikishe B. Hujamwona akishika kalamu.

Ambatisha nakala ya kitambulisho, vyeti, na cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai), ambacho huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kumaliziwa kwa kuchukuliwa alama za vidole. Wadhamini wawe wawili, na angalau mmoja awe amekuona ukifundisha. Profesa anayekujua kwa makala yako hamsaidii mama huyu. Pendekeza mwenyewe, kabla hujaulizwa, kwamba masomo yatafanyiwa mezani sebuleni, mlango wazi, na mtu mzima yumo nyumbani. Pendekezo hilo lina uzito kuliko digrii zote mbili.

Tuje kwenye kufundisha kwenyewe. Siku ya kwanza usifundishe. Omba mapema karatasi zake tatu za mwisho zilizosahihishwa. Alama ya jumla peke yake haikusaidii, maana D+ haina maelezo ndani yake. Keti naye dakika tisini mpitie kila alama iliyopotea, na uipe herufi ya sababu yake: hajui mada, anajua mada lakini hesabu imemshinda, hakulisoma swali vizuri, aliliacha wazi. Mara nyingi utashangaa kuona alama nyingi ziko kwenye hayo mawili ya mwisho. Swali lililotaka sababu limejibiwa kwa kutaja jina tu, au ukurasa mzima wa mwisho ni mweupe kwa sababu muda uliisha. Hayo hayaponi kwa kumhubiria muundo wa atomu.

Kisha mpe swali moja la moli (kipimo cha kiasi cha kemikali), aandike kila hatua, nawe ukae kimya. Hili hapa linafaa: cm³ 25.0 za sodiamu haidroksaidi (NaOH) ya 0.1 M zimehitaji cm³ 20.0 za asidi ya salfuriki kukamilisha mmenyuko. Tafuta molariti ya asidi (M, yaani moli zilizomo katika lita moja). Njia sahihi: 25 × 0.1 ÷ 1000 ni moli 0.0025 za alkali. Mlinganyo unadai moli mbili za NaOH kwa moja ya H₂SO₄, kwa hivyo asidi ni moli 0.00125. Zidisha kwa 1000, gawa kwa 20, unapata 0.0625 M.

Akikuletea 0.125, hesabu anaijua. Hakuandika mlinganyo, au aliuandika bila kuusawazisha akachukulia moli moja kwa moli moja. Dawa ni mlinganyo kwanza, kila mara, kabla ya tarakimu yoyote. Akikuletea 0.25, anajua kuna 2 mahali fulani lakini amezidisha pale pa kugawa. Huyu mwulize, kabla ya kugusa kikokotoo: kati ya alkali na asidi, moli za ipi ni chache hapa? Akishajibu hilo kwa maneno, 2 itakaa mahali pake.

Wa hatari ni yule anayeleta 0.0625, ukamwekea tiki, kumbe kwenye mstari wa kwanza ameandika moli 2.5. Alisahau kugawa kwa 1000 mwanzoni na akasahau kuzidisha kwa 1000 mwishoni, makosa mawili yakafutana. Akiulizwa molariti peke yake ataendelea kupata tiki. Siku atakapoulizwa uzito wa NaOH iliyomo katika zile cm³ 25, atazidisha 2.5 kwa 40 na kukuandikia gramu 100. Hapo usimwambie amekosea. Mwambie cm³ 25 za maji zina uzito wa karibu gramu 25, kisha umwulize gramu 100 za sodiamu haidroksaidi zimeingiaje humo. Jibu la kweli ni gramu 0.1. Kuhisi kwamba tarakimu haiwezekani hata kabla ya kujua kosa liko wapi ndiko mwanasayansi anakomzidi mwalimu wa kukariri kanuni, na hilo ndilo la kumwachia mtoto huyu.

Upande wa pili, elimu yako inaweza kumharibia. Silabasi ya KCSE inapanga elektroni za sodiamu 2.8.1, wewe ukianza na 1s² 2s² 2p⁶ 3s¹ kwa sababu "ndiyo sahihi zaidi", umemwongezea mzigo usio na alama. Na kwa kuwa umefanya hesabu za moli miaka mingi, utaruka hatua mbili bila kujua umeruka. Kinga yake ni hii: fanya mfano mmoja kamili ukiandika kila mstari, wa pili mwachie mistari miwili ya mwisho, wa tatu mwachie yote isipokuwa mlinganyo, wa nne ni wake peke yake. Ukimwuliza swali, hesabu kimyakimya hadi kumi kabla ya kufungua mdomo. Na usimwulize "umeelewa?" Mtoto aliyelelewa vizuri wa huku kwetu atakuitikia "ndiyo, mwalimu" hata kama hajaambulia neno. Mwambie akufanyie. Baada ya siku mbili, mpe swali la aina ile ile lenye tarakimu nyingine, na tena baada ya wiki. Ukieleza kwa Kiswahili au Dholuo anapokwama hakuna ubaya, ila jibu la mwisho aliandike kwa Kiingereza cha mtihani, maana ndicho kinachosahihishwa.

Karatasi ya Tatu, ile ya majaribio ya maabara, ndiyo itakayokupa thamani yako. Karatasi ya Kwanza na ya Pili zina alama 80 kila moja, na zote 160 zinapunguzwa kuwa 60. Alama 40 za majaribio zinaingia zilivyo. Mtoto wa D+ aliyetayarishwa mkono wake anaweza kuokota nyingi humo. Chukua jedwali la titresheni. Kwa kawaida lina alama 5: moja kwa jedwali kamili, moja kwa desimali zinazolingana, moja kwa usahihi ukilinganishwa na thamani iliyopatikana na mwalimu wa shule, moja kwa kuchukua wastani inavyotakiwa, na moja kwa huo wastani wenyewe. Mbili kati ya hizo, jedwali na desimali, ni za kuandika vizuri tu. Vipimo vyote viwe na idadi moja ya desimali. Akiandika mbili, ya mwisho iwe 0 au 5, kwa sababu bureti (mrija mrefu wenye vipimo na koki chini) haisomeki kwa undani zaidi ya hapo. Wastani uchukue zile zinazotofautiana kwa 0.2 au chini, akichanganya 20.1, 20.2 na 21.5 akagawa kwa tatu, alama imekwenda.

Makosa ya mkono ni yale yale kila shule. Faneli imeachwa juu ya bureti, inadondosha tone baada ya kusoma. Kiputo cha hewa kimebaki chini ya koki na kikitoka katikati ya zoezi kinahesabiwa kama asidi. Jicho liko juu ya mstari badala ya kuwa sawa nao. Flaski ya koni imesuuzwa kwa myeyusho utakaopimwa, ikabaki na moli za ziada ukutani, wakati flaski husuuzwa kwa maji yaliyosafishwa na ni bureti na pipeti zinazosuuzwa kwa myeyusho wake. Tone la mwisho la pipeti limepulizwa kwa mdomo ingawa pipeti ilitengenezwa libaki. Na kama kiashiria (kinachobadili rangi mmenyuko ukikamilika) ni finoftaleini, na asidi ndiyo iliyo ndani ya flaski, amezidisha hadi rangi ikawa ya waridi iliyokolea, wakati ilitakiwa asimame kwenye waridi hafifu isiyopotea.

Bureti na asidi kali hazina nafasi nyumbani kwa watu. Na usithubutu kutoa kemikali kwenye maabara uliyofanyia kazi, hata chupa "iliyobaki". Jikoni kuna vya kutosha. Gramu 21 za soda ya kuokea (NaHCO₃, uzito wa moli 84) zikiyeyushwa na kufikishwa cm³ 500 zinakupa 0.5 M, mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima itakosea kwa asilimia mbili hivi, na hilo lenyewe ni somo. Siki ya asilimia 5 ina karibu 0.83 M ya asidi ya ethanoiki. Cm³ 10 za siki, maji ya kabichi ya zambarau kama kiashiria, na sirinji ya duka la dawa badala ya bureti: ukihesabu, zinahitajika takriban cm³ 17 za soda. Povu litasumbua na rangi itageuka polepole kutoka nyekundu, haitaruka ghafla. Haidhuru, unafundisha kusoma kipimo, kujaza jedwali na kutetea hesabu. Kwa bureti halisi, mwambie mama azungumze na mwalimu wa Kemia wa shule, binti apewe nafasi ya kurudia zoezi maabara ikiwa wazi. Kwa hiyo usimseme vibaya mwalimu huyo mbele ya mtoto, hata siku moja.

Sehemu ya kutambua ioni (chembe zenye chaji) hulipa kwa haraka zaidi. Mashapo meupe yanayoyeyuka NaOH ikizidi yanaonyesha Al³⁺, Zn²⁺ au Pb²⁺. Akitaja moja tu, au akiandika Al bila chaji, anapoteza. Amonia ikizidi, ya zinki huyeyuka, za alumini na risasi hubaki. Achore jedwali hilo mwenyewe bila kuangalia, mara moja kila wiki, hadi limkae.

Pesa: usianze na bei ya jirani, anza na muda wako. Tuseme kipindi ni dakika 90, unatoka Mamboleo hadi Milimani na kurudi kwa dakika 80, na unaandaa na kusahihisha kwa 60. Hizo ni karibu saa nne. Ukitoza, kwa mfano, 1,500 kwa kipindi na bodaboda ikala 300, umebaki na 1,200, yaani kama shilingi 310 kwa saa ya kweli. Ukiona haitoshi, kabla hujapandisha bei tafuta mwanafunzi wa pili mtaa ule ule jioni ile ile; safari ndiyo inayokula. Vipindi viwili kwa wiki vinatosha. Vitatu huishia kukufanya uwe unamfanyia kazi ya shule, na siku ukikosa kufika hawezi hata kufungua kitabu. Malipo yaje kwa M-Pesa mwanzoni mwa mwezi, na mkubaliane kwa maandishi kwamba kipindi kilichofutwa bila taarifa ya siku moja kinalipwa. Ukilizungumza hilo mapema ni utaratibu, ukilisubiri hadi litokee linageuka ugomvi.

Kila baada ya wiki nne mwandikie mama nusu ukurasa: maswali ya moli aliyoyapata bila msaada, kati ya kumi; jedwali la ioni, anakumbuka ngapi; kurasa alizoacha wazi kwenye jaribio la mwisho. Mitihani ya shule hutofautiana kwa ugumu, kwa hivyo D+ inaweza kubaki D+ muhula mmoja huku hizo tarakimu zikipanda, na mzazi anayeziona hatakufukuza. Lakini zisipopanda kwa wiki nane, mwambie wewe kabla hajakuuliza. Huenda tatizo ni hesabu za kawaida, sehemu na desimali, na anachohitaji ni mwalimu wa Hisabati kwa mihula miwili kabla ya Kemia. Huenda pia hayaoni maandishi ya ubaoni. Kupimwa macho ni bei ndogo kuliko mwezi mmoja wa masomo yako. Na siku utakapoulizwa, na utaulizwa karibu na Novemba 2027, kama unaweza "kuulizia" karatasi ya mtihani, jibu ni hapana, na ulitoe siku hiyo hiyo.